Pangaboi la chumbani hujaribiwa kwenye namba moja

"Shikamoo fundi. Niko Tanga, si mbali na bahari. Pangaboi la chumba ninacholala na mwanangu wa miaka mitatu lina kama miaka tisa sasa. Siku hizi nikiliwasha linaunguruma tu, mpaka nilisukume kwa mpini wa fagio ndipo lianze. Saa mbili usiku linajivuta, lakini nikiamka saa nane usiku nalikuta linakimbia mpaka nasikia baridi. Pia linagonga: tik, tik, tik. Fundi wa mtaani kasema mota imekufa, ninunue la inchi 56 lenye mapanga matano maana ndilo lenye upepo. Dukani wakanionyesha la rimoti, wanasema linakula umeme kidogo. Dada yangu aliye Houston naye anataka kunitumia moja zuri lenye taa. Chumba ni futi 12 kwa 11, dari ya jipsamu, juu bati, na kutoka sakafuni hadi darini ni futi 9. Tunalalia chandarua cha duara. Mama yangu hataki kabisa pangaboi juu ya mtoto. Anasema litaanguka, na upepo wake unaleta nimonia. Ninunue lipi?"

Marahaba dada, na pole kwa usingizi wa mang'amung'amu. Umeuliza ununue lipi, nami naanza kwa kukushika mkono usifungue pochi bado. Umenieleza dalili tatu: fagio, ile tofauti ya saa mbili na saa nane, na hiyo tik tik. Kila moja ina chanzo chake, na hakuna hata moja inayothibitisha kwamba mota imekufa. Ukinunua jipya bila kujua la zamani linaumwa nini, dalili mojawapo utahama nayo hadi kwenye jipya. Nitakuonyesha ni ipi.

Tuanze na fagio. Umeme wa nyumbani kwako unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na peke yake hauwezi kuamua mota izungukie upande gani. Fikiria mtu anayeendesha baiskeli kwa mguu mmoja, na pedali imesimama wima kabisa juu. Atakandamiza mpaka achoke, baiskeli haisogei. Mtu mwingine akiisukuma kidogo tu, pedali inapita pale palipokwama na safari inaanza. Ndani ya pangaboi, mguu wa pili ni kapasita: kijiboksi cheusi au cheupe chenye nyaya mbili, ambacho kwa mapangaboi mengi hufichwa ndani ya kikombe kilicho karibu na mota. Kazi yake ni kuufanya umeme wa upande mmoja wa koili utangulie ule wa upande mwingine, ili mota ipate pa kuanzia. Kapasita ikichoka, mota inabaki na mguu mmoja: inaunguruma, haiendi, hadi utie fagio.

Kwa hiyo mota inayoendelea kuzunguka vizuri baada ya kusukumwa na fagio haijafa. Mota iliyokufa hata ukiisukuma kwa fagio la wilaya nzima itazunguka mara mbili ikasimama. Nunua kapasita mpya, ambayo bei yake haifiki hata nauli ya basi la kwenda Dar. Isomwe namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani. Mara nyingi ni mikrofaradi 2.5 au jirani yake. Iwekwe yenye namba hiyohiyo. Kuna mafundi huweka kubwa zaidi kwa makusudi ili mteja aone upepo umeongezeka, na kweli unaongezeka, lakini mota inachemka kupita kiasi na baada ya kaskazi mbili tatu inanuka moshi. Fundi akikuambia "nimekuwekea yenye nguvu", mwambie airudishe dukani.

Sasa saa mbili na saa nane. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Kapasita iliyochoka hulifanya pangaboi liwe zito saa zote, haichagui usiku wala alfajiri. Lako linajivuta saa mbili, wakati mtaa mzima umewasha taa, televisheni, pasi na majiko ya umeme, kisha linakimbia saa nane watu wamelala. Kinachobadilika ni volti zinazofika kwako. Umeme wetu unatakiwa uwe volti 230, lakini mwisho wa laini ndefu, saa za matumizi makubwa, unaweza kuukuta 190 au hata 180. Na mota ya kawaida ya pangaboi ina tabia moja mbaya: nguvu yake ya kuzungusha haishuki sambamba na volti, inashuka kwa kasi zaidi. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, nguvu inayobaki ni kama asilimia 60 tu.

Mwombe fundi aje na mita saa mbili usiku, si saa nne asubuhi, apime kwenye soketi ya chumbani na kwenye meni swichi. Kama zote mbili ziko chini, tatizo linatoka nje. Toa taarifa TANESCO waangalie laini yenu. Kama kwenye meni swichi ziko sawa halafu chumbani zimeshuka, una waya mwembamba au kiungo kilicholegea ndani ya nyumba, na hilo lishughulikiwe haraka, kwa sababu kiungo kilicholegea hupata joto na joto hilo ndilo linalozaa moto. Hii ndiyo dalili niliyosema utahama nayo. Pangaboi jipya la aina ileile ya zamani, liwe la inchi 56 au la inchi 100, saa mbili usiku litajivuta vilevile.

Na tik tik? Kipimo chake hakihitaji hata fundi. Usiku pakiwa kimya, liwashe mpaka likolee, kisha lizime na usikilize linavyoishia. Mlio ukikatika papo hapo ulipozima, ulikuwa wa umeme. Ukiendelea na kupungua pamoja na mzunguko, kuna kitu kimelegea au kinagusana: skrubu za mapanga, kikombe kinachosugua bomba la kuning'inizia, au mpira wa kwenye ndoano ulioliwa. Mlio wa bering ni tofauti, ni wa kukwaruza, kama mtu anayekoroga changarawe ndani ya sufuria. Bering za mapangaboi mengi ni namba 6201 na 6202, zinapatikana kila mahali, na fundi anayesuka mota atakubadilishia siku hiyohiyo. Kama linayumba pia, pima kwa rula kutoka darini hadi ncha ya kila panga, umeme ukiwa umezimwa. Panga moja likiwa limeshuka kuliko wenzake, mkono wake umepinda. Yakiwa sawa na bado linayumba, bandika sarafu kwa selotepu juu ya panga moja, jaribu, hamishia panga la pili, kisha la tatu. Panga litakalotuliza kuyumba ndilo lililokuwa jepesi. Nimewahi kulikuta pangaboi limezunguka na shilingi mia mbili juu yake mpaka sarafu imefunikwa na vumbi, na lilikuwa limetulia kuliko mengi mapya.

Tuseme sasa umebadilisha kapasita na bado linaunguruma bila kuanza, au limenuka kama plastiki iliyoungua, au mota inachemka kiasi kwamba huwezi kuigusa hata baada ya dakika chache. Hapo koili zimeungua. Kusuka mota upya kunawezekana, lakini kwa pangaboi la miaka tisa mimi ningenunua jipya. Na ukinunua, usifuate ushauri wa inchi 56 na mapanga matano.

Sababu ya kwanza ni chumba. Inchi 48 ni upana wa mita 1.2 kutoka ncha hadi ncha, na kwa futi 12 kwa 11 hiyo inatosha kabisa. Hilo la inchi 56 lina upana wa mita 1.4, ni la sebule au darasa. Chumbani litakusogezea ncha karibu na kabati la nguo, na kila kabati refu lina mlango unaofunguka usiku wakati mtu anatafuta kanga gizani. Ncha ya panga ikae angalau nusu mita kutoka ukutani au kwenye kabati, hesabu ifanywe mlango wa kabati ukiwa wazi.

Sababu ya pili ni imani kwamba mapanga mengi ni upepo mwingi. Upepo unatokana na upana wa mapanga, mlalo wake, na kasi. Ukiongeza mapanga bila kubadilisha mota, umeongeza mzigo, mzunguko unapungua. Ndiyo maana mengi ya mapanga matano huwa ya polepole na kimya kidogo, yanapendeza kwenye picha, lakini matatu yanayozunguka vizuri yanasukuma hewa sawa nayo au kuyazidi. Kwa joto la pwani, matatu.

Sasa jambo ambalo hakuna muuza duka atakuambia, nami nimejifunza kwa kuumia. Nilinunua pangaboi Kariakoo, muuzaji akalitundika kwenye bomba la majaribio akalifungulia namba tano. Upepo ukapeperusha risiti zote za mezani, nikaridhika. Nyumbani usiku wa kwanza nikaliweka namba moja: mmmmmm. Mlio mmoja mwembamba, usiopanda wala kushuka, kama mbu aliyekula shahada ya uzamili. Kufika saa saba usiku mke wangu alikuwa amebeba godoro kwenda sebuleni. Pale dukani, kati ya honi za bodaboda na wapiga debe, hata trekta lingeonekana kimya.

Pangaboi la chumbani, dada, unalinunua kwa ajili ya namba moja na namba mbili. Namba tano utaitumia nusu saa ya kwanza, chumba kikiwa bado na joto la mchana. Baada ya hapo, usiku wote uliobaki unalala na namba moja juu ya masikio ya mtoto. Kwa hiyo pale dukani mwambie muuzaji aanze na namba moja. Subiri mpaka lisimamie mwendo huo, inachukua dakika nzima, kisha weka kiganja kwenye bomba la kuning'inizia na usikie kwa mkono kama linatetemeka. Mkono unasikia kile ambacho sikio la Kariakoo haliwezi kusikia. Akikuambia hana muda, kuna duka la pili jirani.

Mara nyingi mlio huo hausababishwi hata na pangaboi, unasababishwa na regyuleta ya ukutani. Zile za kitufe laini kinachozunguka bila kugota hupunguza mwendo kwa kuukatakata umeme vipandevipande, na mota huvilalamikia vipande hivyo kwa kuunguruma. Zile zinazogota hatua kwa hatua, tak, tak, tak, mara nyingi zina kapasita ndani na mota hutulia nazo. Kuna za kizazi cha babu pia, boksi kubwa linalopata moto ukutani. Hizo ni pasi ndogo, zinabadilisha umeme wako kuwa joto. Wakati mwingine kubadilisha regyuleta peke yake kunarudisha usingizi.

Mengine ya dukani nayapitia kwa haraka. Ulizia koili za shaba. Za aluminiamu zipo, ni nafuu, zinapitisha umeme kwa uchache kuliko shaba na mafundi wengi wa kusuka hawataki kuzigusa. Lipime uzito mkononi pamoja na jingine la ukubwa uleule. Jepesi mno lina sababu ya kuwa jepesi. Angalia nembo ya TBS. Kwa kuwa uko karibu na bahari, chagua mapanga ya aluminiamu: ya chuma chumvi itayala, na ya mbao za kubandika huvimba kwa unyevu yakaanza kuinama ncha. Na mapanga yaliyotoka ndani ya boksi moja usiyachanganye na ya boksi jingine hata kama rangi ni moja, maana kiwandani yalipimwa uzito yakiwa pamoja.

Tufike kwenye la rimoti, ambalo kwenye boksi huandikwa BLDC. Muuzaji hajakudanganya, ila amekuambia nusu. Ndani yake kuna sumaku za kudumu na bodi ya elektroniki inayoamua lini izivute na lini iziachie, hivyo umeme mwingi haupotei kama joto. La kawaida la inchi 48 hula wati kama 75 kwenye mwendo wa juu. Hili hula kama 30. Ukiliwasha kwa muda wa saa kumi kila usiku, kwa mwezi la kawaida linakula uniti 22 na nusu, la rimoti uniti 9. Chukua risiti yako ya mwisho ya LUKU, gawanya pesa kwa uniti ulizopata. Ukiwa mteja wa kawaida anayepata uniti kwa kama shilingi 356 kodi zikiwemo, tofauti ni kama shilingi 4,800 kwa mwezi. Ukiwa kwenye fungu la matumizi madogo, chini ya uniti 75 kwa mwezi, unalipa kama shilingi 122 kwa uniti, na tofauti inashuka hadi shilingi 1,600 na kitu. Hapo faida ya pesa itachelewa sana, isipokuwa kama kila mwezi unagusagusa hizo 75. Uniti 13 na nusu zinaweza kuwa ndizo zinazokubakiza kwenye fungu hilo.

Lakini kwako wewe faida kubwa si bili. Ni saa mbili usiku. Bodi ile inajirekebisha volti zinapopungua, na nyingi zimetengenezwa kustahimili kushuka mpaka chini ya 180 bila mwendo kubadilika. Namba moja yake pia huwa kimya sana. Kwa nyumba ambayo volti zinapanda na kushuka kama yako, na kwa chumba cha mtoto, hili ningelipa nafasi ya kwanza.

Ubaya wake nao nikuambie waziwazi. La kawaida likiharibika, kapasita unaipata hata duka la kona. Bodi ya BLDC huipati kokote ila kwa aliyekuuzia, na umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ndiyo inayotangulia kufa. Kabla ya kulipa, mwambie akuonyeshe bodi ya akiba na rimoti ya akiba kwa macho, si kwa mdomo. Hana? Chukua la kawaida kwa amani. Muulize pia swali moja la usiku: umeme ukikatika saa tisa na kurudi, linaendelea lenyewe na mwendo uliokuwepo au linasubiri ubonyeze rimoti? Mwenye mtoto anajua kwa nini nauliza. Na regyuleta ya zamani lazima iondolewe kabisa, ibaki swichi tu. BLDC ikiunganishwa kupitia regyuleta inaweza kuharibika.

Sasa nimgeukie mama. Mwambie hofu yake ya kwanza ina haki kuliko anavyofikiri, ila si kwa sababu ya jina. Watu wengi husikia "panga" ndani ya pangaboi wakaona kichwa kinakatwa, kumbe Wahindi wana neno lao pankha, maana yake pepeo tu, na jina letu linafanana nalo kuliko linavyofanana na panga la kukatia kuni. Pangaboi haliangukii watu kwa sababu lina mapanga. Huanguka kwa sababu limetundikwa kwenye kitu kisichostahili kubeba.

Na dari yako ni jipsamu. Jipsamu haibebi pangaboi. Hata zile mbao nyembamba za mbili kwa mbili ambazo jipsamu imepigiliwa hazitoshi. Pangaboi lina kilo nne hadi sita, na huo si mzigo mkubwa. Tatizo ni kwamba mzigo huo unatikisika mamia ya mara kwa dakika, usiku kucha, kwa miaka, na skrubu iliyo kwenye mbao dhaifu hujifungua yenyewe taratibu. Kwa nyumba ya bati inatakiwa mbao imara, isiwe chini ya mbili kwa nne, ilazwe kutoka kenchi moja hadi nyingine juu ya dari, na ndoano ipite kwenye mbao kwa bolti yenye nati upande wa juu, si skrubu ya kuzungushia kutoka chini. Kwenye ndoano pawe na mpira, bolti yake iwe na pini ya kuzuia nati isifunguke. Mengi mapya huja na waya wa usalama wa kufunga sehemu ya pili. Mafundi wengi huutupa pamoja na boksi. Usikubali.

Kabla hata ya kununua, mtu apande darini na tochi aone hilo la sasa limening'inia wapi. Miaka tisa, na hujui limeshikwa na nini. Akikuta ni jipsamu na mbao nyembamba, lisiwashwe tena mpaka parekebishwe, hata kama kapasita mpya umeshanunua. Ukiona ufa mpya darini kuzunguka kikombe, au vumbi jeupe la jipsamu kwenye shuka asubuhi, hiyo ndiyo ishara, usisubiri.

Kuhusu kimo: mapanga yawe angalau mita 2.3 kutoka sakafuni. Futi 9 ni mita 2.74, kwa hiyo bomba la kawaida la kama sentimita 30 linakuweka pazuri, juu kidogo tu ya mpaka huo. Usilifupishe ili "likae juu", kwa maana mapanga yakibanana na dari hayana hewa ya kuvuta. Na mtoto akikua ukataka kumnunulia kitanda cha deka, siku hiyo pangaboi na deka visikae chumba kimoja. Hakuna kipimo kitakachomwokoa mtoto anayeruka juu ya godoro la ghorofani.

Nimonia husababishwa na vijidudu, upepo wa pangaboi hauileti. Ninachoweza kumpa mama kama fundi ni vumbi: mapanga ambayo hayajafutwa tangu mfungo uliopita yanamwagia mtoto uchafu puani kila ukiwasha, na kama kifua chake kinabana, vumbi hilo halimsaidii. Tumia foronya kuukuu. Zima meni swichi, panda kwenye kitu imara, ivishe foronya juu ya panga kama unavyovisha mto, ikandamize, ivute kurudi. Vumbi lote linabaki ndani ya foronya badala ya kitandani. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mpeleke hospitali.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuiandika lakini nainusa kwenye swali lako: kwamba pangaboi linapoza chumba. Halipozi. Linaondoa jasho kwenye ngozi, na jasho likikauka wewe unasikia baridi. Ukuta hauna jasho. Mota yenyewe inaongeza joto kidogo. Chini ya bati lililochomwa na jua mchana kutwa, hewa ya moto imelala juu karibu na dari, na ukiwasha pangaboi madirisha yakiwa yamefungwa unaishusha hewa hiyohiyo usoni. Fungua dirisha jioni kwanza, madirisha mawili yanayotazamana kama yapo, nusu saa, ndipo uwashe. Ukitoka chumbani, zima.

Na chandarua. Usikiondoe kwa ajili ya upepo. Malaria haingoji uchague. Ila ujue neti inakata sehemu kubwa ya upepo, na hicho chako cha duara kina mkunjo mnene juu kabisa, pale hasa upepo unapoingilia. Tena kinaning'inia kwenye ndoano ya darini, na ikiwa ndoano hiyo ni jirani ya pangaboi kuna usiku kitanyonywa na mapanga. Badilisha uweke cha pembe nne kwenye fremu ya kitanda, juu kiwe kitambaa kimoja kilichotandazwa, kisha usogeze kitanda ili kiini cha pangaboi kiwe juu ya miguu na mapaja badala ya uso. Utashangaa namba mbili inavyotosha.

Fundi utakayemwita kwa kazi ya ndoano na waya awe na leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe kwamba waya wa ethi umefika kwenye pangaboi, haukukatwa na kufichwa darini. Kama ukiligusa bomba linakutekenya, au brekara inashuka kila ukiwasha, hiyo si kazi ya jirani mwenye tesita. Regyuleta ikiwa kwenye sifuri si ushahidi kwamba umeme umekatika. Nimekuta nyingi zilizofungwa upande wa nyutro, waya wa moto ukiwa hai darini saa zote. Meni swichi kwanza, kisha ngazi.

Limebaki la Houston. Mwambie dada asitume. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Pangaboi hilo ukiliunganisha kwenye 230 litaungua siku hiyohiyo, na hata ukilinunulia transfoma ya kushusha volti, mizunguko 50 yetu transfoma haiigusi. Litazunguka polepole na kuchemka. Lingetoka Muscat ningesema sawa, wao ni mizunguko 50 na volti kama zetu. Na taa nazo, kwa chumba chenye chandarua, zitakuwa zinamulika neti. Kama ameshatenga pesa ya kulinunua na kulisafirisha, aitume ikiwa pesa: itoe mbao ya mbili kwa nne, ndoano, siku moja ya fundi, na chandarua cha pembe nne. Huenda ikabaki hata ya kapasita.